Kumbukumbu Isiyosimuliwa

"Neno moja tu, Mama Wande! Sikuombi mambo yote. Neno moja!"

"Hilo neno moja ndilo linaloharibu."

"Unaniambia hivyo mimi? Mimi baba yake?"

"Nakuambia wewe, na mama yangu mzazi angefufuka akaniuliza ningemwambia hivyohivyo. Sogea, umeniziba."

Maganga hakusogea. Alikuwa amesimama kati ya mke wake na karo la jikoni, mikono kiunoni, fulana imejaa nywele za wateja. Alikuwa kinyozi. Siku hiyo alikuwa amefunga saluni mchana kweupe na kumwacha mtu kanyolewa upande mmoja, kwa sababu tu alisikia kwamba mkewe Nyamizi ameonekana akitoka stesheni ya habari.

"Umeshakubali?" akauliza.

"Hakuna kukubali kwa mdomo. Ni kukaa kwenye kiti. Na sijakaa bado."

"Bado!" Maganga akacheka kicheko kibaya. "Kwa hiyo utakaa. Utawapa mwanangu wamtazame huku wanakula ubwabwa, halafu wewe mwenyewe ubaki mtupu. Na mimi, baba mtu, nitamwona mwanangu akifa siku moja na watu wa magengeni. Ndicho unachotaka?"

"Nani amesema nataka?"

"Basi niambie sasa, kabla hujawapa. Alisema nini? Nilikuwa nakimbia na mtungi begani, Nyamizi. Nilikuwa nakimbia."

Kwa kawaida hakuwa akimwita kwa jina lake. Tangu Wande azaliwe walikuwa wakiitana Mama Wande na Baba Wande, na mtoto alipokufa hawakujua waitane nani tena, wakaendelea vilevile. Nyamizi alifunga bomba. Alikausha mikono polepole, maana angemtazama mumewe usoni wakati ule angeshindwa.

Wande, mtoto wao wa pekee, alikufa kwa nimonia katika wodi ya watoto ya kituo cha afya cha kata, barakoa ya hewa ikiwa usoni na geji ya mtungi ikionyesha kijani, yaani umejaa. Maganga alikuwa ametumwa mbio hospitali ya misheni ng'ambo ya bonde kuazima mtungi wa akiba. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshafunikwa. Yaliyotokea kati ya kuondoka kwake na kurudi kwake aliyaona Nyamizi peke yake, na Nyamizi hakumwambia mtu.

Msibani walimwita jiwe. Desturi inajulikana: mtu akifika hukaa mkekani, hutoa pole, hutulia kidogo, kisha huuliza ilikuwaje. Na mfiwa husimulia. Maganga alisimulia. Aliwasimulia ndugu wa upande wa mama yake, akawasimulia wenzake wa timu ya mpira, akawasimulia waliochelewa mabasi. Kadiri siku zilivyokwenda alisimulia vizuri zaidi, mpaka wanawake wakawa wanaanza kulia kabla hajafika penye kulia. Matanga yalipokwisha akahamishia saluni, kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kikasikia. Nyamizi alikaa ukutani, kanga imefunika mdomo. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Amekufa. Karibu uji."

Hakuna aliyewaza kwamba kusimulia kule ndiko kulikokuwa kunaua kesi ya mtungi ule.

Tangu Mwaka wa Picha, mashine zilipoweza kumsemesha mtu yeyote neno lolote, na wilaya mbili zikapigana kwa sababu ya hotuba ambayo hakuna aliyewahi kuitoa, picha na sauti zilikoma kuwa ushahidi. Kilichobaki ni habari hai: jambo ambalo mtu aliye hai ameliona kwa macho yake, likachotwa kichwani mwake akiwa amekaa kwenye kiti. Mtu anapokumbuka jambo, ubongo hulifungua kama kifurushi, kisha hulifunga upya, na kila ukilifunga hulifunga tofauti kidogo. Kiti hufungua kifurushi na kukizuia kisifungwe. Kilichomo hutoka kama kilivyoingia, na mwenyewe habaki nacho. Hiyo ndiyo gharama. Na kifurushi kilichofunguliwa mara nyingi kiti hukikataa, kwa sababu kimeshakuwa maneno.

Maganga alikwenda kukaa mara tu baada ya arobaini. Hakumuuliza mkewe. Kiti kikaonyesha anavyoingia wodini, kikaonyesha geji ya kijani, kikaonyesha nesi mnene akilia na kujipiga kifua. Nesi mnene siku ile alikuwa likizo. Aliingia kwenye kumbukumbu ya Maganga msibani, labda shangazi fulani aliuliza, "Na yule nesi mnene hakulia?" Maganga akasema alilia, na tangu hapo akawa analia. Fundi wa kiti alizima mashine. "Ina makovu, baba," alisema. "Pole sana."

Kwa hiyo alibaki Nyamizi, aliyeitwa jiwe.

"Sikiliza," Maganga alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Tuseme umewapa. Watalia wiki moja. Walilia bwawa lilipobomoka, hawakulia? Leo yule mkandarasi wa bwawa anagawa jezi. Hawa watu unawatolea mwanao hawana hasira, Mama Wande. Wamezoea. Walikuja hapahapa kwenye mkeka wetu wakasema ndiyo nchi yetu, tufanyeje. Mwingine akasema bwana stoo, yule mtunza mitungi wa kituo, naye ana watoto!"

"Nilimsikia."

"Basi?"

Nyamizi alimsikia huyo, na aliwasikia wengine. Alikuwa na diploma ya maziwa, alipima maziwa kwenye kituo cha ushirika, na jirani aliyemshika mkono msibani akilia kuhusu mafisadi ndiye aliyeleta ndoo ya maziwa yenye maji Jumatatu yake na kumkonyeza. Kidogo tu, mama, tusaidiane. Hakuwa na ndoto zozote kuhusu watu.

"Ile mitungi bado iko wodini," alisema.

"Inamsubiri nani?"

"Watoto wa watu."

"Watu!" Maganga akapiga karo kwa kiganja. "Mimi si watu? Hebu niambie, mimi si mtu?"

 Nyamizi alimpita ubavuni, akachukua mkoba wake wa kazini, akatoka.

* * *

Lusajo alikaanga chipsi karibu na stendi ya mabasi ya umeme. Mji mzima ulimjua. Alikuwa mlinzi wa bwawa lile lililobomoka. Aliona nyufa zikizibwa kwa rangi siku moja kabla ya uzinduzi, na aliona maji yakimchukua kaka yake Ambakisye. Alivitoa kitini vyote viwili, maana vilikuwa kwenye kifurushi kimoja.

"Mama, yai moja au mawili?"

"Sikuja kula."

"Wote husema hivyo, halafu harufu inawashinda. Kaa."

Nyamizi akakaa. Kwenye benchi la pili kijana mwenye helmeti mapajani alikuwa akitafuna na kumkodolea macho mwenye banda.

"Lusajo, hivi ujue ulilia vibaya pale kwenye habari? Ulilia kama mtoto, bwana!"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyeniona."

"Nakwambia makamasi mpaka huku." Kijana akajionyesha kidevuni, akacheka. "Halafu yule mkandarasi wako kaja juzi uwanjani. Katugawia jezi. Kitambaa kizito, si mchezo."

"Ukachukua?" Nyamizi akauliza.

Kijana akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa mama, nikiikataa jezi bwawa litajijenga?" Akalipa, akavaa helmeti, akaondoka akiimba.

Lusajo hakuonekana kukasirika. Aligeuza chipsi, akapunguza moto.

"Wewe ni yule mama wa mtoto wa mtungi," alisema. "Nilinyolewa na mumeo. Alinisimulia mpaka nikalia, na mimi ni mgumu. Umeitwa stesheni?"

"Nilijipeleka. Nataka kujua inakuwaje baadaye."

"Haiumi."

"Sikuuliza hilo. Ukiitazama ile habari, unaona nini?"

Lusajo alifikiri. "Naona mtu anayefanana na mimi anamwita mtu anayefanana na kaka yangu. Namwonea huruma. Kisha nakumbuka mafuta yanaungua."

"Unajuta?"

"Nikijuta lazima nijue nilikuwa na nini. Mama ndiye anajuta. Ananiuliza, Ambakisye alikuwa amevaa lile koti lake la mvua? Namwambia, mama, washa kioo cha habari utazame. Hataki. Anataka nimwambie mimi. Mimi sina."

 Basi moja liliondoka stendi bila kelele.

"Kwa hiyo ilikuwa bure," Nyamizi akasema.

"Nani kasema? Huyo mtoto wa jezi?" Lusajo akafuta mikono kwenye aproni. "Mama, wewe unafikiri hii inafanya kazi kwa sababu watu wanakasirika. Hawakasiriki. Sheria tu. Habari hai ikitoka kuhusu kitu kinachoua, vitu vyote vilivyotoka mkono uleule vinafungwa saa hiyohiyo na serikali inaleta vya akiba mpaka ukaguzi uishe. Yule bwana alikuwa na mabwawa mengine. Jioni ileile yakafunguliwa maji yapungue. Mawili yakakutwa yana nyufa zilezile chini ya rangi ileile. Watu wanaoishi chini yake hawanijui. Wanalima, wanaoana, wengine wananitukana kwenye kioo kwamba natafuta umaarufu."

"Hakuna aliyekuja kukushukuru?"

"Ashukuru nini? Mtu anashukuruje kwa jambo ambalo halikumtokea?"

Akamfungia chipsi za bure. Nyamizi alikataa bure, akalipa, akaondoka nazo zikiwa moto mkononi. Hakuzila.

* * *

Kituo cha afya kilikuwa njiani. Angeweza kupita barabara ya juu, na tangu mazishi alikuwa akipita hiyo. Siku hiyo miguu ilimpeleka moja kwa moja hadi dirisha la wodi ya watoto, akasimama nje kama mtu aliyekuja kusalimia mgonjwa.

Mitungi ya kampuni ya Pumzi Njema ilikuwa imepangwa palepale, ya buluu, kila mmoja na kibandiko cha ndege mweupe. Kando ya dirisha mama mdogo alikuwa amempakata mtoto mwenye barakoa. Hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akiitazama geji, kama mtu anayetazama sufuria isichemke ikamwagika. Kijani.

"Habari yako, mdogo wangu," Nyamizi alisema dirishani.

"Nzuri, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Anaendeleaje?"

"Wanasema leo afadhali. Hewa imejaa, ona." Akaionyesha geji kwa kidevu, akatabasamu.

"Weka shavu lako kwenye barakoa. Unasikia upepo?"

Yule mama akafanya hivyo. Akasikiliza kwa shavu, akawaza. "Upo. Kidogo."

"Kidogo?"

"Mashine inasema upo, dada."

 Maneno yote yalikuwa hapo nyuma ya meno ya Nyamizi, yamepangwa. Angeweza kumwambia alichokiona. Lakini kumwambia ni kusimulia, na angesimulia wodi nzima siku hiyo, na kesho yake wangeleta mtungi mwingine wenye ndege mweupe, na yeye angekuwa ameshakuwa na makovu. Zaidi ya hayo, nani angemwamini? Mfiwa anayeshinda madirishani. Kushutumu bila kiti kuliitwa habari mfu, na watu walishtakiwa kwa hilo.

Nesi alitokea. Alimtambua, na uso wake ukalainika kisha ukakaza.

"Mama, tulikupa pole. Usije ukawatia watu hofu. Geji unaiona mwenyewe."

"Naiona."

"Basi tuache tufanye kazi."

Nyamizi hakubishana. Alimwambia yule mama mdogo, "Usiangalie geji. Mwangalie mtoto. Midomo yake ikibadilika rangi, mbebe ukimbie misheni, usimsubiri mtu." Kisha akageuka, na hakwenda nyumbani.

* * *

Stesheni ilikuwa jengo dogo lililowahi kuwa benki. Aikande, mwandishi wa zamu ya jioni, alikuwa binti wa Kimachame mwenye sauti kavu na soksi za rangi mbili tofauti. Alimpokea bila kumpa pole, na Nyamizi alimshukuru moyoni kwa hilo.

"Nitakuambia kama ninavyomwambia kila anayekuja," Aikande alisema. "Watu wamechoka. Ile ya mwezi uliopita, ya dawa, walioitazama mpaka mwisho ni wachache. Wengi waliruka wakaenda kwenye mpira. Bwana stoo anaweza kushinda kesi. Pumzi Njema wanaweza kubadilisha jina. Siahidi chochote."

"Hujui kushawishi."

"Nikikushawishi nitakuwa nimekuibia."

"Mitungi itafungwa?"

"Hiyo ndiyo naweza kuahidi. Ikitoka tu, mitungi yote iliyotoka mkono wa Pumzi Njema inafungwa, kata zote, na magari ya akiba yanatoka. Hilo halisubiri mtu akasirike."

Nyamizi aliutazama mlango wa kioo wa chumba cha ndani. Kiti kilikuwa cha kawaida kabisa, kama cha daktari wa meno.

"Mnachotaka ni mkono wa bwana stoo," alisema. "Chukueni huo. Ile sehemu ya mtoto ikateni."

"Hatukati, mama. Tukikata mahali pamoja, mawakili wao watauliza tumekata wapi pengine. Uongo wote wa dunia uliingilia kwenye mkato. Inaanzia unapoingia mlangoni, inaishia unapotoka. Yote, au hakuna."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Kabla na baada."

Mlango wa nje ukafunguliwa kwa kishindo. Ni Maganga, anahema, jasho limelowesha fulana. Mtu wa stendi alikuwa amempigia kwamba mkewe kapita na uso hauko sawa. Alimwona Nyamizi bado amesimama, akashika ukuta.

"Bado," akasema. "Mungu mkubwa. Bado."

"Bado, Baba Wande."

"Sikuja kupigana."  Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kinyozi huyu alikosa maneno, akayatafuta sakafuni. "Nimewaza njia nzima. Wape. Mkono wa yule mshenzi uonekane. Lakini mimi nipe kichwa tu. Usiseme neno. Nikuulize, uitikie kwa kichwa, basi."

"Maganga..."

"Aliniita?"

 Nyamizi alisikia feni ya mashine upande wa pili wa kioo.

"Nikilala nasikia ananiita na mimi sipo," Maganga alisema. "Nikiamka najiambia, labda hakuniita, labda alisinzia tu, hakujua kama nimeondoka. Sijui ni lipi baya zaidi. Niambie ni lipi, nibebe hilohilo moja. Aliniita, Mama Wande?"

Shingo ya Nyamizi ilitaka. Ilikuwa kazi ya kidevu tu, kushuka na kupanda. Alimtazama Aikande.

Macho ya yule binti yalikuwa mekundu, lakini sauti ilibaki kavu. "Hata kichwa, mama. Ili uitikie itabidi upite pale kwanza. Tangu umeingia hapa unaigusa ile kumbukumbu, na kila unapoigusa inalegea. Ukipita pale kwa ajili ya kumjibu, kiti kitaona."

Maganga alikuwa amekonda. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na yeye aliyenyoa mji mzima hakujinyoa. Huyu ndiye mtu aliyekuwa amekimbia bonde zima na chuma begani. Kumnyima jibu lile lilikuwa jambo la kikatili, na Nyamizi alijua hivyo, na alijua pia kwamba yule mama mdogo dirishani wakati ule alikuwa akitazama geji.

Alimshika mumewe mkono. Akampeleka kwenye stuli iliyokuwa mbele ya kioo, ambapo picha hutokea kabla haijarushwa, akamkalisha kwa kumbonyeza mabega.

"Kaa hapa. Utamwona kabla ya mtu yeyote mwingine duniani. Jibu lako limo."

"Na wewe?"

"Mimi utanisimulia."

Maganga akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. "Mimi kiti kilinikataa, Mama Wande. Naharibu. Naongeza watu."

"Mimi si kiti."

Akamwacha. Akaingia chumba cha ndani, akakaa, akalaza kichwa mahali pa kichwa. Aikande akambandika vibati vya baridi kwenye paji la uso na kumwambia aanzie mlangoni, atembee mara moja tu, asirudi nyuma.

"Washa," Nyamizi alisema.

Mlango wa wodi ya watoto. Viatu vinavuliwa nje. Alivua vyake kwa kukanyaga visigino, Wande mgongoni, mzito, wa moto. Sakafu baridi. Mlango ukaondoka. Kitanda cha pembeni, shuka lenye muhuri. Maganga akisema nakwenda, nakuja sasa hivi, na mgongo wake ukitoka. Mgongo ukaondoka. Barakoa, na Wande akisema inanuka raba. Kijani. Kifua cha mtoto kikipanda kwa nguvu na kushuka kwa nguvu. Nyamizi akaitoa barakoa akaiweka mdomoni mwake mwenyewe akavuta, na hapakuwa na kitu, kama kunyonya kiganja. Akapiga kelele. Geji ikageuka nyekundu mbele ya macho yake. Bwana stoo akaja na funguo zikilia, hakumtazama mtoto, akaweka kidole gumba kwenye kioo cha geji, akasubiri, na mshale ukarudi kijani. Tulia mama, alisema, hewa ipo. Kidole gumba kikaondoka. Ndege mweupe akaondoka.

Midomo ya Wande ilikuwa rangi ya zambarau. Nyamizi alimwinua akampakata, akampulizia kwa mdomo wake mwenyewe, akampulizia tena. Mtoto akafumbua macho.

"Baba amefika?"

"Yuko mlangoni. Anavua viatu."

Wande akageuza kichwa kutazama mlango. Alitazama kwa muda.

"Mwambie asivue," alisema. "Aingie navyo."

Sauti ikaondoka. Uzito wa mapajani ukaondoka. Dari nyeupe, mlango kwa upande wa ndani, viatu vya mtu mzima peke yake.

Feni ilisimama. Nyamizi alifumbua macho. Alikumbuka kumfunga Wande mgongoni nyumbani na kutoka naye, kanga ya njano. Alikumbuka udongo na watu wakiimba. Katikati alipapasa kwa akili kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ngeni, na ukuta ulikuwa laini kila mahali.

"Ni safi," Aikande alisema kutoka upande wa pili. "Haina kovu hata moja." Akabonyeza. "Imetoka." Muda mfupi ukapita, kisha sauti yake ikapasuka kidogo. "Agizo limefika vituoni. Wanafunga mitungi."

Nyamizi alibandua vibati mwenyewe, akavipanga mezani, akatoka. Maganga hakuwa ameondoka kwenye stuli. Alikuwa ameinama, mikono imeshika magoti. Alikuwa akitazama viatu vyake, na Nyamizi hakujua kwa nini.

Alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Anza mwanzo," alimwambia. "Na usiongeze chumvi."